Laana ina mwenyewe

Familia ikija kwenye kikao cha usuluhishi na kusema "tumelaaniwa", usianze kutafuta sheikh, mchungaji wala mganga. Anza na maswali matatu, kwa mpangilio huu: nani alitamka? Kwa kosa gani? Nani alikuwepo akasikia? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, kwa maneno yaleyale ya msemaji, maana kufika kikao cha pili yatakuwa yameshabadilika. Mara nyingi mstari wa kwanza hubaki mtupu. Vifo vipo, ndoa zilizovunjika zipo, vijana waliokosa kazi wapo, ila mtu aliyefumbua mdomo akasema hapatikani. Hapo jambo hilo litafutiwe jina jingine. Laana huwa na mdomo ilikotoka, kosa lililoiita na mtu inayemwendea. Ukikosa kimojawapo, huna laana.

Kiswahili hakikutunyima maneno. Mkosi na nuksi ni bahati mbaya tu, havina msemaji. Hasadi hutoka jichoni, na mwenye jicho pengine hajui kama amemdhuru mtu. Uchawi hufanywa sirini, na anayeufanya hutaka asijulikane milele. Laana ni kinyume cha uchawi katika jambo hilo: anayelaani anataka ujue kuwa ni yeye, na ujue kwa nini. Apizo huja na sharti, "kama ni wewe uliyechukua, basi mali hiyo isikufae." Kiapo ni apizo ambalo mtu anajielekezea mwenyewe. Halafu kuna kukosa radhi, na hapo pengine halikutamkwa neno lolote la ubaya. Mzazi amekaa kimya, ameacha kukutaja katika dua zake, basi.

Kuyachanganya maneno haya si kosa la lugha peke yake. Nuksi ikishaitwa uchawi, lazima atafutwe mchawi, na anayepatikana huwa ni ajuza asiye na mtetezi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, ya Tanganyika ni ya 1928, na zote mbili zinamtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi. Kwa hiyo jina la mtu likianza kutupwa kikaoni bila maswali matatu kujibiwa, mwenye kuongoza kikao akifunge siku ileile. Asiogope kuonekana mkali.

Sasa, kwa nini watu hulaani? Jibu la haraka ni hasira. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mwenye hasira na mwenye nguvu hapotezi muda kulaani, hupiga, hufukuza, hushtaki. Anayelaani ni yule ambaye njia nyingine zimemfungia. Ameibiwa na hakuna shahidi. Amedhulumiwa na mtu mkubwa. Amezeeka na mwanawe hampokei simu. Soma sura ya 27 ya Kumbukumbu la Torati uone. Makabila sita yanasimama mlima Gerizimu kubariki, sita mlima Ebali kwa ajili ya laana, Walawi wanatamka na watu wote wanaitikia "Amina". Laana ni 12. Ukizipitia moja moja unaona zina kitu kimoja kinachozishika pamoja: aliyeficha sanamu, aliyesogeza mpaka wa jirani, aliyempoteza kipofu njia, aliyepotosha haki ya mgeni, yatima na mjane, aliyempiga mwenzake kwa siri. Karibu zote ni makosa ambayo askari hayafikii. Jiwe la mpaka husogezwa usiku. Kipofu hawezi kukutambulisha mahakamani. Laana iliwekwa pale ambapo ushahidi hauwezi kufika.

Mji wa Bath, Uingereza, ulikuwa na chemchemi ya maji moto ambayo Warumi waliijengea hekalu la mungu wa kike Sulis Minerva. Katika chemchemi hiyo wachimbaji walipata vibati vya risasi na bati vipatavyo 130, vingi vimekunjwa au kuviringishwa, vya kati ya karne ya 2 na ya 4. Ni maapizo, na mengi yanahusu wizi mdogo mdogo: joho la kuogea, sarafu chache, chungu. Mtu mmoja, Docimedis, ameibiwa glavu mbili, anaomba mwizi apoteze akili na macho. Maapizo hayo yana kanuni inayorudiwa: awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au mwungwana. Mwenye mali hamjui mwizi, kwa hiyo anataja aina zote za watu ili asiponyoke hata mmoja. Wengine walimkabidhi mungu kile kilichoibwa, kiwe chake, ili deni lisiwe baina ya mwizi na bibi kizee asiye na nguvu, liwe baina ya mwizi na mwenye hekalu.

Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja akisikia habari hizo hatashangaa. Atasema hiyo ni Halbadiri ya Wazungu wa kale.

Halbadiri, wengine huiita Albadiri, ni kisomo cha majina ya watu wa Badr, masahaba waliopigana pamoja na Mtume tarehe 17 Ramadhani mwaka wa pili wa Hijra, yaani 624. Hesabu yao iliyozoeleka ni 313. Asili yake ni kutaka baraka na kujikinga, na wapo wanaoisoma kwa nia hiyo tu. Ila pwani yetu neno hilo likitajwa, moyo unaopiga kwa kasi ni wa mwizi. Wanazuoni hawako pamoja juu yake. Wengi wanasema kisomo cha kumdhuru mtu kwa majina ya masahaba hakina msingi katika dini. Wengine wanasema ni dua ya aliyedhulumiwa tu, na Mtume alipomtuma sahaba wake Muadh kwenda Yemen alimuusia aiogope dua hiyo, kwa kuwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Mabishano hayo tunawaachia wao. Tutakayoeleza ni jinsi inavyofanyika na inapoharibika.

Kwanza hutolewa tangazo. Msikitini baada ya sala, au mtaani kwa kipaza sauti: kitu fulani kimepotea, aliyekichukua akirudishe, anapewa siku tatu au saba, zikipita kitasomwa kisomo. Jina la mtu halitajwi kabisa. Hapa ndipo Halbadiri hufanya kazi yake kubwa, kabla hata herufi moja haijasomwa. Kitu kitaonekana alfajiri kibarazani, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na mwenye busara hakiulizi kimeletwa na nani. Muda ule ni mlango wa kumwachia mwizi atoke bila aibu. Anayeruka hatua hii akakimbilia kusoma, huyo hataki kitu chake kirudi, anataka mtu aumie.

Maalimu anayeijua kazi yake hakubali kusoma siku ya kwanza. Humuuliza mwenye shida: umetafuta nyumba nzima? Umepiga ripoti polisi? Unamshuku nani, na kwa nini? Kisha humuuliza swali ambalo wengi huinuka nalo wakaenda zao: akiwa ni mwanao wa kumzaa, uko tayari? Wizi wa ndani ya nyumba mara nyingi hufanywa na wa ndani ya nyumba. Kinamama kadhaa wameahirisha kisomo kwa sababu ya swali hilo peke yake, wakarudi nyumbani kuzungumza na vijana wao, mambo yakaishia hukohuko.

Ikibidi kusomwa, hukaa maalimu na wanafunzi wake, chetezo kinawekwa katikati, ubani unatiwa kwenye makaa, majina yanasomwa moja baada ya moja mpaka yaishe, halafu dua. Mwenye mali huambiwa mbele ya wote kwamba akiwa anasingizia, kitakachoshuka kitamrudia yeye. Imani hiyo ni breki. Bila hiyo kila mwenye chuki na jirani yake angeagiza kisomo.

Yanayoharibika ni haya. Mwenye mali amtaje mtu aliyemshuku, kisha mtu huyo augue malaria ya kawaida, watu waseme "amepatikana". Kisomo kimegeuka hukumu, na aliyehukumiwa hakusikilizwa. Au maalimu atake malipo makubwa na aongeze kila wiki, mara mbuzi, mara kitambaa, mara safari. Au kitu chenyewe kionekane nyuma ya kabati baada ya mwezi na hakuna anayethubutu kutangaza kwamba kimepatikana. Hili la mwisho huonekana dogo, lakini ndilo lenye uzito zaidi: kama tangazo la kupotea lilitolewa kwa kipaza sauti, la kupatikana nalo litolewe kwa kipaza sauti hichohicho, maana kuna watu mtaani wameshaanza kuangaliwa vibaya.

Wagiriki walilijua jambo hili la kumlaani usiyemjua. Katika tamthilia ya Sophocles, mfalme Oedipus anatangaza laana kali juu ya aliyemuua mfalme aliyemtangulia, anataka asipokewe nyumba yoyote, anasema hata akiwa ni mtu wa nyumbani kwake laana impate. Muuaji ni yeye mwenyewe, hajui. Hakuna mfano mzuri kuliko huo wa kumsomea mtu aliyekuja na hasira ya leo asubuhi.

Dini zetu kubwa zote mbili hapa pwani na bara zinakubaliana kwamba laana isiyo na haki haina pa kutua. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, laana hupanda mbinguni ikakuta milango imefungwa, hushuka ardhini ikakuta imefungwa, huenda kulia na kushoto, ikikosa njia humwendea aliyelaaniwa kama anastahili, la sivyo humrudia aliyeitamka. Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu ni kama shomoro anayetangatanga, haimpigi mtu. Unapokaa na mtu aliyelaaniwa kwa uonevu, msomee maneno hayo ya kitabu chake, usimsomee ya kitabu cha mwenzake. Na umsomee polepole. Wengi wao hawajalala siku nyingi.

Kukosa usingizi huko si jambo la kupuuzwa. Mwaka 1942 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Harvard, aliandika juu ya watu wanaokufa baada ya kuamini wamelaaniwa au wamerogwa. Hoja yake ilikuwa kwamba hofu yenyewe inaweza kuuangusha mwili, hasa mtu anapoacha kula na kunywa, na jamaa wanapoanza kumtendea kama maiti. Hilo la jamaa ndilo la kuzuia mara moja. Mtu anayeamini amelaaniwa asiachwe alale peke yake. Apewe uji na maji hata kama anakataa, kidogo kidogo. Asinyang'anywe kazi zake ndogo za kila siku. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kikao cha ukoo kisubiri. Wageni wanaokuja kulia mlangoni waombwe warudi kwao.

Zaidi ya yote kuna hizi zinazoitwa laana za ukoo. Siku hizi ndizo zinazoletwa kwa wingi. Mtu ameambiwa kwenye maombi kwamba babu wa babu yake alimwaga damu, na ndiyo sababu watoto wanakufa. Tunachofanya ni kuchora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, vizazi vitatu, na kuwaandika watu wote, siyo waliokufa tu. Hapa watu hukosea sana: huwahesabu wafu, hawawahesabu walio hai. Ndivyo magazeti yalivyofanya kuhusu kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa Novemba 1922. Lord Carnarvon, aliyegharamia uchimbaji, alikufa Aprili 1923 kwa maambukizi yaliyoanzia kwenye alama ya kuumwa na mbu aliyoikata akinyoa ndevu, dunia ikasema laana ya Farao. Howard Carter, ambaye ndiye aliyelifungua, aliishi hadi 1939. Hakuna aliyekuwa akimhesabu.

Mti ukishachorwa, angalia mpangilio wa magonjwa. Watoto wanaolia viungo tangu wachanga, macho ya njano, damu inapungua mara kwa mara, wengine wanakufa kabla ya miaka mitano na ndugu zao wa tumbo moja ni wazima kabisa: hiyo ni picha ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba chake, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Wazazi wenyewe hawana dalili yoyote, kwa hiyo inaonekana kama kitu kimetoka hewani. Kipimo ni cha damu. Anayeanguka na kutoka povu apelekwe kliniki ya kifafa, dawa zipo. Wanaume wa ukoo mmoja wanaodondoka ghafla wakiwa na miaka arobaini na kitu wapimwe presha na moyo. Nimeona nyumba zikiuza ng'ombe wa mwisho kulipia maombi ya kuvunja laana ilhali kipimo cha selimundu hakijafanyika hata mara moja. Hilo linaniuma, na ninalisema wazi kila kikao.

Kwa Mkristo anayeogopa laana ya babu, mfungulie Ezekieli 18. Waisraeli walikuwa na methali yao, baba walikula zabibu kali na meno ya watoto yakafa ganzi. Mungu anawakataza kuitumia tena: roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, mwana hatabeba uovu wa baba yake. Wapo watakaokutajia Kutoka 20, kwamba uovu wa baba hupatilizwa hata kizazi cha tatu na cha nne. Usibishane. Waambie wasome zote mbili kwa kufuatana, na waangalie ni ipi inayojibu malalamiko ya watoto. Na anayekuja na laana ya Hamu mwana wa Nuhu, ile iliyotumika kuhalalisha utumwa wa watu weusi, mfungulie Mwanzo 9:25. Aliyelaaniwa pale ni Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu hakulaaniwa, na rangi ya mtu haikutajwa.

Kuna mara, hata hivyo, maswali matatu yanajibiwa yote. Msemaji yupo, kosa lipo, mashahidi wapo. Basi hapo kuna kazi, na kazi hiyo inaitwa kutafuta radhi.

Mwana Kupona wa Pate, katika utenzi aliomwandikia binti yake mwaka 1858, anasema kiumbe ana radhi tano za kutafuta ili apate utulivu wa dunia na akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Tumelelewa na hesabu hiyo. Kati ya hizo, ya mama ndiyo inayoogopwa kupita zote huku kwetu, na sababu ni mwili wake. Mama akishika ziwa akasema "kama ulilinyonya hili", mtu mzima mwenye ndevu hupiga magoti. Nairobi, Machi 1922, watu walikusanyika kudai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiwe, wanaume walipotaka kutawanyika Mary Muthoni Nyanjiru alifunua vazi lake akawaambia wachukue nguo yake wampe suruali zao. Umati ulisonga mbele, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Miaka 70 baadaye, Machi 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa wamegoma kula pale Uhuru Park walipovamiwa na polisi, baadhi yao walivua nguo. Kwa Wakikuyu, na kwa makabila mengi jirani, mwanamke aliye rika la mama yako akikuonyesha utupu kwa makusudi amekulaani, na polisi waliokuwa pale walikuwa ni watoto wa wanawake kama wale. Methali inasema dua la kuku halimpati mwewe. Inawezekana, ila methali hiyo haikutungwa na kuku.

Jinsi ya kuomba radhi. Kwanza apatikane mjumbe, mtu ambaye mwenye radhi anamheshimu na ambaye hafungamani na mkosaji. Shangazi, mjomba, jirani wa siku nyingi. Mjumbe aende peke yake na asipeleke ombi lolote. Aende kusikiliza. Mzee aachwe aseme mpaka akauke, hata kama atarudia jambo moja mara sita, na mjumbe asijibu wala kutetea. Akitoka aandike madai yote. Kwa kawaida utakuta yaliyo mazito siyo yale mkosaji aliyoyadhania. Kijana anafikiri tatizo ni shamba aliloliuza, kumbe mama anaumia zaidi na neno alilomwambia mbele ya mkwewe.

Pili, kilichochukuliwa kirudi kabla ya maneno. Shamba lirudishwe mipaka yake, na iandikwe kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji mbele ya mashahidi. Fedha zilipwe, au sehemu yake, na zilizobaki ziwekewe tarehe. Radhi inayoombwa huku mkosaji bado anavuna kwenye shamba la dhuluma ni matusi ya pili.

Tatu, siku yenyewe. Asubuhi mapema au alasiri jua likipoa. Watu saba wanatosha, pamoja na wale waliosikia laana ikitamkwa. Simu zizimwe, asirekodi mtu. Mkosaji akae chini, mwenye radhi akae juu ya kiti au kitanda. Aseme alichofanya kwa jina lake, "nilichukua", "nilikutukana", "nilikuacha ukiumwa". Asiseme "kama nilikukosea". Neno "kama" limevunja vikao vingi. Akimaliza anyamaze. Kimya kinachofuata kinaweza kuwa kirefu, na watu hupata hamu ya kukijaza kwa nasaha. Wasikijaze.

Nne, jambo linalosahaulika kuliko yote: mwenye radhi ayarudishe maneno yake. "Nimekusamehe" ni nusu. Kama alisema "usizae", aseme "nilisema usizae, naliondoa neno langu, uzae." Kama alisema "usinizike", aseme utanizika. Mashahidi waliosikia lile wasikie na hili.

Watu wa bara huweka maji. Bakuli, maji safi, na kwa wengine unga kidogo wa mtama au mahindi. Wataita wana desturi yao ya kutasa. Kwao hasira ya mtu mwenye haki, hata akiificha moyoni asitamke kitu, inaweza kumdhuru aliyemkosea, kwa hiyo lazima itolewe kwa mdomo. Mzee hupiga funda la maji, pombe au maji ya miwa, huyapuliza, husema maneno ya kuitoa ile hasira, hupiga funda jingine. Ukikaa karibu unaona: funda likipulizwa vizuri hutoka kama ukungu, hayaanguki matone makubwa. Hukaa kwenye nywele za yule aliyeinama na kwenye nyusi zake, na hafuti. Mzee ambaye moyo wake bado hauko tayari, maji humtoka kama mate, hutiririka kidevuni. Wazee wenzake huona, na humwambia apumzike kwanza.

Hilo huelekea kwenye tatizo kubwa la vikao hivi, radhi ya kulazimishwa. Mama amechoka kubembelezwa, amesema "haya, nimesamehe, nendeni." Haikuwa radhi. Dalili yake ni ndogo: ameandaliwa chai na mkosaji, hakuigusa. Rudini baada ya wiki mbili, mjumbe peke yake tena.

Na wapo wazazi wanaokosea. Baba anayetishia kuondoa radhi mpaka binti aolewe na mzee ambaye baba ameshapokea mahari yake, mama anayetaka mshahara wote wa mwanawe kila mwezi, hao hawana laana, wana kamba. Kikao kiwaambie hivyo, kwa heshima, wakiwa peke yao bila watoto wao. Kurani 31:15 inasema wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu usiwatii, na palepale inasema kaa nao duniani kwa wema. Waefeso 6:4 inawakataza kina baba kuwachokoza watoto wao. Mtoto aliyekataa uonevu aendelee kusalimia, kupeleka dawa, kulipa bili ya hospitali. Akifanya hivyo mbele ya mashahidi, hata ukoo ukikasirika, hakuna atakayesema alivunja heshima ya wazazi.

Imebaki hali ngumu kuliko zote: mwenyewe amekufa na hakuyarudisha maneno. Wakikuyu huita kirumi, laana ya anayekaribia kufa, na huiogopa kwa sababu hiyohiyo, aliyeifunga hayupo tena wa kuifungua. Hapa ndipo matapeli hupata riziki, wanaodai wanaweza kumsemesha marehemu. Tunachojua kinachowatuliza watu ni kulipa deni kwa warithi. Orodha ya mali ya marehemu iandikwe, alichodhulumiwa kikatwe, kigawiwe kwa wale ambao angewaachia. Kama warithi ni watoto wadogo, kiwekwe kwa jina lao na mlezi aandikiwe. Kwa Mwislamu, sadaka na dua kwa jina la marehemu, na kuwatembelea rafiki zake aliowapenda, kwani hilo limehesabiwa katika wema wa mtoto kwa wazazi waliokwishafariki. Kwa Mkristo, toba mbele ya mchungaji na ibada ya familia. Kisha mkosaji aende kaburini na mashahidi wawili wa zamani, waliosikia laana, asafishe majani kwa mikono yake, aseme palepale kwa sauti ya kusikika alichofanya, alichorudisha, kiasi gani na kwa nani. Mashahidi wakiitikia kwamba wameona vitu vikirudi, waondoke bila kugeuka kutafuta ishara, na karatasi ya malipo akabidhiwe mtoto mkubwa wa marehemu aiweke.